Charlotte Brontë na Barua za Cornhill

Wengi wetu tumewahi kutuma andiko letu mahali fulani, kisha tukakaa kusubiri jibu. Siku zinapita, wiki zinapita, na kile kimya tunaanza kukifasiri wenyewe, mara nyingi vibaya. Katika makala haya tunamtazama mwanamke mmoja aliyeijua sana hali hiyo, Charlotte Brontë, mwandishi wa riwaya ya Jane Eyre. Mengi yameandikwa juu ya riwaya zake. Sisi tunataka kukaa na barua alizowaandikia wachapishaji wake wa London, kwa kuwa humo anaonekana mtu mwenyewe: anavyobishana, anavyokubali kukosolewa, anavyokataa, na anavyoomboleza.

Charlotte alizaliwa tarehe 21 Aprili 1816 huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, Patrick Brontë, mzaliwa wa Ireland, alikuwa mchungaji wa Kianglikana. Mwaka 1820 familia ilihamia Haworth, mji mdogo wa watengeneza nguo za sufu ulio juu kilimani, mahali pa upepo mkali, na nyumba ya mchungaji ilipakana na makaburi. Mama alifariki mwaka 1821 akiacha watoto sita. Mabinti wawili wakubwa, Maria na Elizabeth, walifariki mwaka 1825 baada ya kuugua wakiwa katika shule ya bweni ya mabinti wa wachungaji. Wakabaki wanne: Charlotte, kaka yao mmoja tu aliyeitwa Branwell, Emily, na kitindamimba Anne. Wote walikuwa wakiandika tangu utotoni.

Akiwa na miaka ishirini Charlotte alimpelekea mashairi yake Robert Southey, aliyekuwa mshairi rasmi wa ufalme, akaomba ushauri. Jibu lilimfikia Machi 1837. Lilikuwa na upole mwingi na jambo moja zito: kwamba fasihi haiwezi kuwa kazi ya maisha ya mwanamke, wala haipaswi kuwa. Charlotte alimshukuru kwa heshima zote, akaitunza barua, akaendelea kuandika. Riziki aliitafuta kwa ualimu wa nyumbani katika familia zenye uwezo. Mwaka 1841 mshahara wake ulikuwa paundi 20 kwa mwaka, na kati ya hizo alikatwa paundi 4 za kufuliwa nguo. Tuikumbuke hesabu hiyo, tutairudia.

Mwaka 1846 wale dada watatu walichapisha kitabu cha mashairi kwa fedha zao wenyewe, paundi 31 na shilingi 10, wakitumia majina ya kubuni: Currer, Ellis na Acton Bell. Herufi za kwanza zilikuwa zao, lakini msomaji asingeweza kujua kama waandishi ni wanaume au wanawake. Walikuwa wameona kwamba mwanamke akiandika, wahakiki humshambulia kwa uanamke wake au humsifu kwa huo huo uanamke, na yote mawili hayakuwafaa. Charlotte ndiye aliyeshughulika na wachapaji kwa barua: karatasi ya aina gani, herufi za ukubwa gani, matangazo ya bei gani. Baada ya mwaka mmoja ziliuzwa nakala mbili.

Siri ilikuwa kubwa hata nyumbani. Siku moja mleta barua alimuuliza mzee Patrick ni wapi anapoishi huyo Currer Bell, na mzee akajibu kwa unyofu kabisa kwamba hakuna mtu wa jina hilo katika parokia yake. Tangu hapo barua zote ziliagizwa zipitie kwa Bi Brontë. Na barua zilikuwa nyingi, kwa sababu tangu mwaka 1840 stempu ya peni moja ilitosha kupeleka barua ya kawaida popote nchini. Kwa binti wa mchungaji asiyekuwa na nauli ya kwenda London, peni hiyo ilikuwa ndiyo barabara yake.

Wakati huo kila dada alikuwa na riwaya mkononi. Ya Charlotte iliitwa The Professor, nayo ilizunguka kwa wachapishaji mmoja baada ya mwingine ikirudi. Hakujua hila za biashara. Kila iliporudi alifuta kwenye karatasi ya kufungia jina la yule aliyeikataa, akaandika jina la mwingine chini yake, akaituma tena. Kwa hiyo Julai 1847, kifurushi kilipofika katika kampuni ya Smith, Elder, barabara ya Cornhill namba 65, wenye kampuni waliona wazi majina ya wote waliokwisha kuikataa kabla yao.

Nao waliikataa. Lakini waliikataa kwa namna ambayo Charlotte hakuwa ameizoea. Alifungua bahasha akitegemea mistari miwili mikavu, akakuta barua ya kurasa mbili. Aliyeiandika ni William Smith Williams, mtu mpole na mwenye haya, aliyekuwa msomaji wa miswada katika kampuni hiyo baada ya kufanya kazi ya kutunza hesabu kwa miaka mingi. Alieleza kwa adabu uzuri wa mswada na kasoro zake, akasema kwamba kazi ya juzuu tatu kutoka kwa mwandishi huyo huyo ingesomwa kwa makini. Charlotte alikiri baadaye kwamba kukataliwa kwa namna ile kulimtia moyo kuliko ambavyo kukubaliwa kwa maneno makavu kungefanya. Sisi tunaona kwamba hapo ndipo maisha yake yalipogeuka. Jane Eyre ilikuwa karibu kumalizika mezani pake, na sasa alijua ni nani wa kumpelekea.

Tarehe 24 Agosti 1847 mswada uliondoka Keighley, stesheni ya karibu, umbali wa kilomita kama sita kutoka nyumbani. Stesheni ilikuwa ndogo, haikuweza kupokea malipo ya mzigo mapema. Basi Charlotte akawaandikia Smith, Elder akiwaomba wamwambie walivyotozwa, naye angewarudishia kwa stempu. Mtu anatuma kitabu kitakachosomwa duniani kote, na anahangaikia nauli ya kifurushi.

Williams aliusoma, akampelekea mkuu wa kampuni, George Smith, kijana wa miaka 23 aliyekuwa amerithi kazi hiyo kwa baba yake. Smith aliuanza Jumapili asubuhi. Alikuwa na miadi na rafiki ya kwenda kupanda farasi adhuhuri, akaivunja kwa kikaratasi. Chakula cha mchana aliletewa pale pale alipokuwa akisoma, na hakulala mpaka amemaliza. Walimpa Charlotte paundi 100 kwa haki za kitabu, na baadaye, kitabu kilipouzika, wakaongeza hadi kufikia 500. Paundi 100 ni mshahara wa miaka mitano ya ualimu, kabla ya kukatwa za kufua. Hata hivyo, katika barua ya kukubali, Charlotte hakukosa kuwaambia kwamba ni kiasi kidogo kwa kazi ya akili ya mwaka mzima. Walipomwomba apunguze makali ya sura za mwanzo, zile za shule ya bweni, alikataa. Alisema mambo yale ni ya kweli. Nasi tuliotangulia kusikia habari za Maria na Elizabeth tunaelewa kwa nini hakuweza kuyagusa.

Kitabu kilitoka Oktoba 1847, na kufikia Aprili iliyofuata kilikuwa toleo la tatu. Barua kati ya Haworth na Cornhill zikaongezeka. Williams alimtumia maoni ya wahakiki, mabaya kwa mazuri, kwa kuwa Charlotte aliomba asifichwe. Alimtumia pia vitabu, masanduku mazima ya kuazima, na Charlotte alijibu kwa hukumu zake juu ya kila kimoja. Mwenzetu anayetaka kujua jinsi ya kusoma kitabu kwa uaminifu, bila kujipendekeza kwa mwenye jina kubwa, asome barua hizo.

Makosa nayo yalikuwapo. Toleo la pili la Jane Eyre Charlotte alilitabaruku kwa William Thackeray, mwandishi aliyemheshimu mno bila kumfahamu. Hakujua kwamba mke wa Thackeray alikuwa na ugonjwa wa akili na ametengwa na nyumba yake. Katika riwaya, Bwana Rochester ana mke mwenye wazimu aliyefichwa darini. Watu wa London wakaunganisha mambo, wakasambaza uvumi kwamba Currer Bell alikuwa mwalimu wa watoto wa Thackeray. Charlotte alipopata habari alimwandikia Williams kwa majonzi. Hakuwa na mwingine wa kumwambia huko mjini.

Hadi hapo Cornhill walikuwa wakimwandikia bwana. Wangeendelea hivyo, kama si Thomas Newby, mchapishaji wa Emily na Anne, aliyewatoza paundi 50 kabla ya kuchapa, kisha akawaachia Wamarekani waamini kwamba Bell wote watatu ni mtu mmoja. Smith alikuwa amewaahidi wachapishaji wengine wa huko kitabu kijacho cha Currer Bell, akaandika kudai maelezo. Charlotte aliona heshima yake iko mashakani. Siku hiyo hiyo yeye na Anne walitembea kwa miguu hadi Keighley katikati ya dhoruba, wakapanda gari moshi la usiku, na asubuhi ya Jumamosi tarehe 8 Julai 1848 wakaingia katika duka la Cornhill, wanawake wawili wadogo wa umbo waliovaa kishamba, wakaomba kumwona Bwana Smith. Charlotte akamkabidhi barua aliyoiandika yeye Smith mwenyewe. Smith akaitazama, akamtazama mgeni, akauliza ameipata wapi. Ndipo akaelezwa.

Smith na mama yake waliwakarimu, hata jioni ile Smith akawapeleka kusikiliza opera wakiwa na magauni yao ya kijijini. Lakini Charlotte alirudi nyumbani akiwa na deni. Katika kujieleza alikuwa ametamka kwamba wao ni dada watatu, na Emily hakutaka kabisa kujulikana. Alikasirika. Charlotte ikabidi amwandikie Williams kumwomba asimtaje tena dada yake katika barua ila kwa jina la Ellis Bell. Hatudhani kwamba Emily alikosea kukasirika: siri ya watatu haifunguliwi na mmoja.

Kisha ikaja ile miezi ambayo hata kuihesabu inaumiza. Branwell, aliyeharibiwa na pombe na afyuni, alifariki tarehe 24 Septemba 1848. Emily alishikwa na kifua kikuu, akakataa daktari. Williams alishauri kwa barua dawa za homeopathia, Charlotte akampa Emily asome barua hiyo, naye akazidharau. Usiku wa mwisho Charlotte alimsomea kitabu kutoka katika sanduku la Cornhill. Emily alifariki tarehe 19 Desemba. Anne akafuata tarehe 28 Mei 1849, huko Scarborough kando ya bahari, alikopelekwa kutafuta hewa nzuri. Ndani ya miezi minane nyumba ilibaki na mzee na binti mmoja.

Barua alizomwandikia Williams katika kipindi hicho ndizo zinazotushika zaidi. Mtu aliyeanza kuandikiana naye kwa habari za karatasi na malipo sasa anaelezwa kikohozi cha mgonjwa, chakula kinachorudi bila kuguswa, ukimya wa chumba cha kulia jioni ambako zamani watatu walitembea wakizunguka meza na kusimuliana riwaya zao. Williams alikuwa baba wa watoto wanane, na alijua kusikiliza. Naye alimwomba Charlotte ushauri juu ya mabinti zake. Charlotte alimjibu kwamba asiogope kuwasomesha wapate kazi: ualimu una taabu zake, lakini yeye mwenyewe, kama asingekuwa na kazi ya kushika katika upweke ule, asingejua angekuwaje. Southey angeisoma barua hiyo, sijui angejibu nini.

Kazi yenyewe wakati huo ilikuwa riwaya ya Shirley, iliyosimama katikati kwa ajili ya mazishi. Aliimaliza mwishoni mwa Agosti 1849, akaongeza dibaji ya kumjibu mhakiki wa jarida la Quarterly Review, aliyekuwa amedai kwamba kama Jane Eyre imeandikwa na mwanamke, basi ni mwanamke aliyejipotezea haki ya kukaa na wenzake. Uhakiki huo ulitoka mwezi ule ule Emily alipofariki. Dibaji ilikuwa ya kejeli na hasira. Smith na Williams waliikataa, wakaomba nyingine yenye utulivu. Charlotte hakukubali kuandika nyingine, wala hakuwalazimisha waichape ile. Shirley ikatoka bila dibaji yoyote. Sura ya kwanza, inayowacheka wachungaji wasaidizi wanaokula, kunywa na kugombana kwenye nyumba za kupanga, nayo waliiogopa. Hiyo hakuiondoa. Seminari yetu na iisome bila kununa.

Tukiangalia haki, dibaji ile ilisoma vibaya na wachapishaji walimwokoa. Katika Shirley yenyewe, mwenye haki alikuwa ni yeye.

Miaka iliyofuata ilikuwa na furaha kidogo. Smith alimwalika London mara kadhaa, na mwaka 1850 akamlipia msanii George Richmond amchore, akampelekea mzee Patrick picha hiyo kama zawadi. Barua za Charlotte kwa Smith zilikuwa tofauti na zile za Williams: zina utani, zina wepesi, zina kitu kinachojizuia. Smith alikuwa mdogo wake kwa miaka minane, mwenye sura nzuri na biashara kubwa. Charlotte alijipa onyo mapema asitegemee lolote.

Ndipo akaandika Villette. Hatuna haja ya kuficha kwamba Charlotte hakulipenda Kanisa Katoliki, na kitabu hicho kina maneno makali juu yetu. Lakini kina pia tukio lililompata mwenyewe. Septemba 1843, akiwa peke yake mjini Brussels alikokuwa akisoma na kufundisha, aliingia katika kanisa la Mtakatifu Gudula, akaona watu wakiungama, naye akaenda kupiga magoti kitubioni. Alimwambia padre kwamba yeye ni Mprotestanti. Padre alisita, kisha akamsikiliza, akamkaribisha nyumbani kwake kwa mafundisho. Hakwenda. Alimwandikia Emily habari hiyo na kumwomba asimwambie baba. Katika riwaya, ni Lucy Snowe anayepiga magoti hapo.

Smith alipopokea juzuu za kwanza mwaka 1852, alijitambua katika Daktari John, na mama yake katika mama wa daktari. Charlotte aliomba kitabu kitoke bila jina lolote. Smith alikataa, kwa kuwa jina la Currer Bell lilikuwa na soko. Wakaandikiana pia kama daktari angemuoa Lucy. Charlotte alijibu kwamba haiwezekani: daktari ni kijana mno, ana sura nzuri mno na moyo mwepesi mno, naye lazima ampate mke wa kufanana naye. Hiyo ni barua ya biashara kati ya mwandishi na mchapishaji, na msomaji anaweza kuiacha hivyo.

Alipotuma juzuu ya tatu, Novemba, Cornhill walinyamaza. Kisha zikaja fedha bila hata mstari mmoja. Zilikuwa paundi 500, na alikuwa ametumaini 700. Charlotte alikuwa karibu kupanda treni kwenda kuuliza amekosa nini, ndipo barua ikafika: Smith hakufurahishwa na jinsi riwaya ilivyomwacha daktari na kumfuata mwalimu Paul Emanuel. Charlotte hakubadili. Kitabu kilitoka Januari 1853, baada ya yeye kuomba kicheleweshwe kidogo kisigongane na riwaya ya rafiki yake Elizabeth Gaskell.

Mwishoni mwa mwaka huo Smith alichumbia msichana mwingine. Charlotte alimpongeza kwa barua fupi mno. Karibu siku hizo hizo alimwomba Williams asijisumbue tena kumtumia masanduku ya vitabu.

Tarehe 29 Juni 1854 aliolewa na Arthur Bell Nicholls, msaidizi wa baba yake. Nicholls alikuwa mume mwema, ila uhuru wa Charlotte katika barua ulimtisha. Alimtaka rafiki wa mke wake, Ellen Nussey, aahidi kuziteketeza zote alizoandikiwa. Ellen aliahidi kwa masharti, kisha akazitunza. Charlotte alifariki tarehe 31 Machi 1855, akiwa na miaka 38. Bi Gaskell, akiombwa na mzee Patrick, aliandika maisha yake kwa kutumia barua hizo, na Smith, Elder wakakichapa kitabu hicho mwaka 1857.

Na ule mswada wa kwanza, The Professor? Charlotte alikuwa amewapelekea tena mwaka 1851, wakaukataa tena. Alimjibu Smith kwa mzaha kwamba sasa umekataliwa mara tisa, basi ataufungia kabatini peke yake. Ulitolewa kabatini na mumewe, ukachapwa Juni 1857. Waliouchapa walikuwa Smith, Elder.